Uyoga wa porini hapa Uganda: usiukate, uchimbue hadi mwisho wa shina

Mwanzilishi wa uzi, Kyegegwa

Salamu kwenu ndugu wote. Nafungua uzi huu kwa sababu mvua za Septemba zimekwisha kushika, watu wameanza kurudi kutoka mashambani na vikapu vya uyoga, na juma lililopita nilikesha nyumbani kwa majirani zangu ambao nusura uyoga uwamalize. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kyaka II, makazi ya wakimbizi. Nilizaliwa Kivu ya Kusini, na nimeishi Uganda muda wa kutosha kuona jambo hili likijirudia majira ya mvua.

Familia hiyo ilifika kutoka Kongo miezi michache iliyopita. Mama wa nyumba aliona uyoga mkubwa mweupe, wenye magamba ya kahawia katikati ya kofia, umesimama kwenye nyasi kando ya uwanja ambao watoto huchezea mpira. Kwao alikuwa akichuma uyoga wa vichuguu tangu utotoni, akiwapikia wadogo zake, na hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo. Walikula saa moja jioni. Saa tatu watoto wawili walianza kutapika, saa nne baba naye, na ilipofika saa sita usiku nyumba nzima ilikuwa ikiharisha, wala hapakuwa na mwenye nguvu ya kumshika mwenzake. Tuliwapeleka hospitali kwa bodaboda, wakaongezewa maji, na siku ya tatu wote walirudi nyumbani.

Katika kikapu zilikuwa zimebaki kofia mbili ambazo hazikupikwa. Nilizigeuza nikatazama vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia kama kurasa za kitabu, ambavyo katika uzi huu nitaviita matamvua kwa kuwa vinafanana na matamvua ya samaki. Kofia changa ilikuwa na matamvua meupe. Ile iliyokomaa ilikuwa na matamvua yenye ukijani uliofifia, kama maji yaliyochemshiwa mboga. Huo ni uyoga ambao wanasayansi wanauita Chlorophyllum molybdites. Umeenea katika nchi za joto duniani kote, na huwalaza watu wengi hospitalini kwa sababu unapendeza macho, ni mnene, hauna harufu mbaya, na walioula husema ladha yake ni nzuri.

Nasisitiza kwamba mama huyu hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa na ujuzi wa kweli, lakini ulikuwa ujuzi wa udongo mwingine. Mwaka 2015 hospitali za Ujerumani zilipokea wakimbizi wengi, hasa kutoka Syria, waliokula uyoga wenye sumu kali kwa kudhani ni ule wa kwao. Mwaka 2021 watoto wawili wa familia moja ya Afghanistan, waliokuwa wamehamishiwa Poland, walifariki baada ya kula uyoga uliochumwa msituni karibu na kituo walichopokewa. Sisi tunaosema Kiswahili hapa Uganda wengi wetu tumetoka kwingine, nami naona hatari hiyo inatuhusu moja kwa moja.

Naomba wenyeji na wataalamu wachangie. Nitaanza na kanuni moja ambayo naishikilia kuliko zote: uyoga hautambuliwi kwa alama moja ya jumla inayotenganisha mwema na mbaya, kwa sababu alama hiyo haipo. Unatambuliwa kwa jina lake, aina baada ya aina, kama unavyomtambua mtu kwa uso, sauti na mwendo, si kwa rangi ya shati.

Msomaji wa Mubende

Asante sana, ndugu mhudumu. Nimeusoma uzi huu nikiwa na kikapu mbele yangu. Leo jioni nimechuma uyoga kama kumi na tano nyuma ya shule, mahali penye kichuguu. Ni mweupe, katikati ya kofia una kahawia. Mama mkwe amechemsha mmoja pamoja na kitunguu, na kitunguu hakikubadilika rangi, kwa hiyo anasema ni salama. Pia ameona konokono wameula pembeni. Watoto wanasubiri chakula. Je, nipike?

Mwanzilishi wa uzi, Kyegegwa

Dada yangu, tafadhali usipike. Wape watoto chakula kingine usiku huu, nami nitakueleza sababu bila kumvunjia heshima mama mkwe, maana hata bibi yangu alitumia kitunguu hichohicho.

Kitunguu, kitunguu saumu, mchele na kijiko cha fedha hubadilika rangi kutokana na kemikali ambazo hazina uhusiano na sumu ya uyoga. Kuna uyoga hatari kuliko wote, Amanita phalloides, ambao ukiuchemsha na kitunguu, kitunguu kitabaki cheupe kabisa. Konokono nao hawatuambii kitu, kwa sababu tumbo lao si letu. Wao huula uyoga huohuo wa mauti na kuendelea na safari yao. Hata mbuzi au nyani akiula uyoga, hiyo si ishara ya usalama. Wapo pia wanaosema uyoga unaomenyeka ngozi ya kofia ni salama, au unaoota juu ya gogo, au kwamba kumwaga maji ya kwanza yenye chumvi huondoa sumu. Sumu ya Amanita phalloides, inayoitwa amatoksini, haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa, kukaushwa juani wala kugandishwa kwenye friji.

Sasa nisaidie kwa mambo manne. Kwanza, rudi pale kesho au mtume kijana sasa hivi akiwa na jembe, achimbue uyoga mmoja mzima, asiukate. Pili, niambie kama shina lina pete, na kama pete hiyo inasogea juu na chini ukiisukuma kwa kidole. Tatu, niambie uyoga ulikuwa juu ya kichuguu chenyewe au kwenye nyasi karibu nacho. Nne, chukua kofia iliyofunguka vizuri, ikate shina, ilaze kwenye karatasi nyeupe matamvua yakitazama chini, ifunike kwa bakuli na uiache hadi asubuhi. Vumbi litakaloanguka ni spora, yaani mbegu za uyoga, na rangi yake ni shahidi mzuri kuliko rangi ya kofia. Weka bakuli mahali ambapo watoto hawafiki.

Mama wa Masaka

Wanangu, nami nina la kusema, kwa kuwa uyoga kwetu Buganda si chakula tu. Upo ukoo mzima unaoitwa Butiko, mkuu wake ni Ggunju, na watu wa ukoo huo hawaugusi uyoga kwa kuwa ndio muziro wao, yaani mwiko wa ukoo. Sisi wa koo nyingine tunaula kwa furaha, na ule tunaoupenda kuliko wote ni obubaala.

Obubaala ni mdogo sana, kofia yake ni kama kifungo cha koti, na hauoti mmoja mmoja. Unaamka asubuhi baada ya mvua unaukuta umetandaza udongo mamia kwa mamia, kama mtu aliyemwaga popkoni. Mama yangu aliniamsha gizani twende kabla jua halijaukausha na kabla majirani hawajafika. Kazi yake ni kubwa, maana kila kimoja kinabeba udongo mguuni na lazima usafishe kwa mkono, na sinia moja linaweza kukumalizia asubuhi nzima. Kisha tunauchemsha na kuupika katika mchuzi wa karanga zilizotwangwa, pamoja na matoke, au tunaukausha juani tuutunze.

Lakini nataka niseme jinsi tulivyofundishwa, kwa sababu hapo ndipo naona vijana wamepoteza kitu. Mama hakunipa kanuni. Alinipeleka mahali. Aliniambia, hapa ndipo bibi yako alipochuma, na uyoga wa hapa unaota hapa, katika majira haya, kwa namna hii. Nikileta uyoga mwingine ambao hakuufahamu, hakuujaribu wala kuuchunguza, aliutupa tu. Sikuwahi kumwona akibahatisha. Tulijua aina tatu au nne, basi, na hizo zilitutosha maisha yote.

Mwanzilishi wa uzi, Kyegegwa

Mama, asante mno. Umeeleza kwa maneno machache kile ambacho ningekizungukia kwa kurasa. Niruhusu niongeze kidogo kuhusu obubaala, kwa sababu maelezo ya kisayansi yanaafiki kabisa ulichofundishwa.

Uyoga wa vichuguu ni wa jenasi, yaani kundi la aina zenye undugu, inayoitwa Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Mchwa wa aina fulani hawawezi kumeng'enya miti na majani makavu peke yao, kwa hiyo wanayatafuna, wanajenga nayo masega ndani ya kichuguu, na juu ya masega hayo wanalima kuvu. Kuvu hulainisha chakula, mchwa hula, na kazi hiyo imeendelea kwa mamilioni ya miaka. Mvua ikinyesha, kuvu hutuma uyoga juu kutoka kwenye sega. Ndiyo maana uyoga mkubwa wa kichuguu una shina linaloendelea chini ya ardhi kama mzizi mrefu, wakati mwingine kupita urefu wa mkono, mpaka kwenye shamba la mchwa. Kofia yake mara nyingi ina ncha ngumu katikati, ambayo ndiyo iliyotoboa udongo. Obubaala ni tofauti kidogo, kwa sababu mchwa wenyewe hutoa vipande vya sega nje na kuvitawanya juu ya udongo, na uyoga mdogo huchipua kutoka kwenye vipande hivyo. Hii ndiyo sababu unatapakaa kama alivyosema mama.

Hadi leo uyoga huu haulimwi kibiashara kama uyoga mwingine, kwa kuwa hatujaweza kuchukua nafasi ya mchwa. Anayeutaka lazima aende porini, na ndiyo maana elimu ya porini haiwezi kuachwa.

Mchangiaji wa Lubumbashi, sasa Kampala

Nawasalimu. Mimi natoka Katanga, na nina swali linalonisumbua. Kwetu katika misitu ya miombo tunachuma uyoga mkubwa mweupe wenye pete kwenye shina na kifuko chini kabisa, kama yai lililopasuka. Wanawake huuza mafungu yake barabarani, na nimeula tangu nikiwa mtoto. Nchini Zambia pia wanaula, kama wanavyoula ule wa kichuguu wenye kofia inayoweza kufikia mita moja, uliopewa jina la kisayansi mwaka 1980. Hapa Kampala rafiki yangu wa chuo aliniambia kwamba uyoga wowote wenye kifuko ni wa kuua. Je, sisi tumekula sumu miaka yote?

Mwanzilishi wa uzi, Kyegegwa

Hapana, ndugu yangu, hamkula sumu. Jenasi ya Amanita ina aina nyingi, na baadhi yake, kama Amanita zambiana na jamaa zake wa miombo, zinaliwa na watu wengi kusini mwa Afrika. Lakini jenasi hiyohiyo ndiyo yenye Amanita phalloides, ambao uyoga wake mmoja unatosha kumwua mtu mzima. Asili yake ni Ulaya, kisha ukasafiri na mizizi ya miche ya miti hadi Amerika, Australia na Afrika Kusini.

Uyoga wa namna hii huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti maalumu. Miombo ya Katanga ina miti yake na uyoga wake. Hapa Uganda sehemu kubwa ya nchi haina miombo, na badala yake tumepanda misonobari na mikalitusi kutoka mabara mengine. Mti wa kigeni unaweza kuja na kuvu wa kigeni kwenye mizizi yake. Kwa hiyo ukiingia katika shamba la misonobari la Uganda ukaona uyoga mweupe wenye pete na kifuko, macho yako ya Lubumbashi yatakuambia kwamba umefika nyumbani, ilhali umesimama mahali ambapo bibi yako hakuwahi kuchuma. Rafiki yako wa chuo amekosea akisema kila chenye kifuko kinaua, lakini kwa mtu aliye ugenini ushauri wake ndio ningeufuata. Mimi mwenyewe nikiona kifuko hapa Uganda, naacha.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye kichwa cha uzi. Kifuko kiko chini ya udongo. Mzizi mrefu wa uyoga wa kichuguu nao uko chini ya udongo. Mtu anayekata uyoga kwa kisu usawa wa ardhi, jambo ambalo wengi hudhani ni usafi na ustaarabu, anaacha ushahidi wote muhimu shimoni na kurudi nyumbani na kofia ambazo zinafanana zote. Chimbua taratibu kwa kijiti au panga, inua na udongo wake, ndipo utazame.

Muuguzi wa Fort Portal

Naomba niingie upande wa tiba, kwa kuwa nimepokea wagonjwa wa namna hii zamu za usiku.

Swali la kwanza ninalouliza si uyoga ulikuwa wa rangi gani, bali mlikula saa ngapi na mlianza kuumwa saa ngapi. Kutapika na kuharisha kunakoanza ndani ya saa tatu hivi mara nyingi ni sumu ya tumbo, kama ilivyokuwa kwa familia ya Kyegegwa. Inatesa, inaweza kumwondoa mtoto mdogo kwa kukaukiwa maji, lakini tukiwahi kumwongezea maji hupona. Ipo sumu nyingine iitwayo muskarini ambayo pia huanza mapema. Mgonjwa hutoka jasho jingi, mate na machozi yanamwagika, macho hayaoni vizuri, mapigo ya moyo yanapungua, na dawa yake ipo, ni atropini.

Ninachokiogopa ni ukimya. Mtu amekula jioni, amelala vizuri, na tumbo linaanza alfajiri au asubuhi, yaani baada ya saa sita, kumi na mbili au hata zaidi. Hiyo ndiyo tabia ya amatoksini. Huzuia kimeng'enya ambacho seli hukitumia kunakili maagizo ya kutengeneza protini, na seli za ini ndizo zinazoumia zaidi. Mgonjwa hutapika na kuharisha sana, kisha siku ya pili anapata nafuu, anakunywa uji, ndugu wanashukuru Mungu na kuomba ruhusa ya kumrudisha nyumbani. Wakati huo ini linaendelea kufa. Siku ya tatu au ya nne macho yanageuka manjano, damu haigandi, na fahamu zinapotea. Nawasihi, mgonjwa aliyeanza kuumwa saa sita au zaidi tangu ale asitolewe hospitali kwa sababu ya nafuu hiyo.

Na hata aliyeanza mapema tusimhukumu haraka, kwa sababu watu huchanganya aina kadhaa katika sufuria moja. Sumu nyepesi inaweza kujitokeza saa ya pili na kuificha ile nzito inayokuja baadaye.

Mkija, njooni wote mliokula, hata asiyehisi kitu. Leteni uyoga uliobaki, mbichi na uliopikwa, katika karatasi au kikapu na si mfuko wa plastiki ambao unauozesha. Msimlazimishe mgonjwa kutapika kwa maji ya chumvi, wala msipoteze saa mbili mkimpa maziwa na mafuta. Kama anaweza kunywa, apewe maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, kidogo kidogo, mkiwa njiani.

Msomaji wa Mubende

Kijana amerudi na jembe. Najibu kama ulivyoniagiza. Uyoga haukuwa juu ya kichuguu, bali kwenye nyasi kama hatua kumi kutoka hapo, na umejipanga kama nusu duara. Amechimba lakini hakukuta mzizi mrefu. Shina limeishia kwenye uvimbe mdogo chini tu ya udongo. Kifuko hakuna. Pete ipo, nene, na kweli inapanda na kushuka nikiisukuma. Matamvua ni meupe kabisa, hayana ukijani wowote. Mama mkwe anasema kwa kuwa ni meupe basi si ule wa majirani zako. Kofia moja nimeilaza kwenye karatasi na kuifunika.

Mwanzilishi wa uzi, Kyegegwa

Dada, umefanya kazi nzuri kuliko wachumaji wengi wazoefu. Pete inayosogea, kukosekana kwa mzizi mrefu, na kuota kwa duara kwenye nyasi, vyote vinanifanya niwe na wasiwasi. Weupe wa matamvua hauniondolei wasiwasi huo, kwa sababu Chlorophyllum huanza na matamvua meupe, na ukijani huja spora zinapokomaa. Ndiyo maana watu huchuma ule mchanga na mzuri, na ndio unaowaangusha.

Mwambie mama mkwe hivi kwa niaba yangu. Karatasi ikitoka ya kijani, jibu tunalo. Ikitoka na rangi ya waridi iliyofifia, hiyo ni rangi ya uyoga wa kichuguu, lakini bado si ruhusa ya kupika, kwa sababu wapo uyoga wa jenasi ya Entoloma wenye spora za waridi na wenye sumu. Rangi ya waridi pamoja na mzizi unaoshuka kwa mchwa, pamoja na mwenyeji anayeutambua kwa jina, hapo ndipo ningesema sawa. Isipotoka rangi yoyote, kofia ilikuwa changa mno na hatujui kitu.

Mkulima wa uyoga, Wakiso

Nitasema machache. Mimi nalima aina ya uyoga iitwayo mamama kwenye mifuko ya maganda ya mbegu za pamba, na wateja huniuliza kwa nini wanunue kwangu wakati wa porini ni wa bure. Jibu langu ni kwamba najua nilichopanda, ingawa hata ndani ya banda langu huota uyoga ambao sikuupanda, mwembamba, unaoyeyuka na kuwa kama wino, nami huutoa na kuutupa. Baadhi ya uyoga wa wino ukiliwa pamoja na pombe huleta mapigo ya moyo ya kasi, uso kuwaka na kutapika, kwa hiyo aliyeula asiguse waragi wala bia kwa siku kadhaa.

Jambo la pili ni uyoga mkavu wa sokoni. Ukishakatwa vipande na kukaushwa, hata mtaalamu hawezi kuutambua kwa macho. Nunua kwa mtu unayemfahamu, ambaye anaweza kukutajia jina lake na mahali alipouchuma. Na kama uyoga umechumwa kando ya barabara kuu, kwenye jalala, au shambani palipopuliziwa dawa, uache hata kama ni obubaala halisi, kwa kuwa uyoga hunyonya madini mazito kutoka kwenye udongo.

Mchangiaji wa Lubumbashi, sasa Kampala

Ndugu mhudumu, nimekuelewa, na nakiri kwamba mwaka jana nilitaka kuchuma chini ya misonobari. Swali moja tu: siku hizi kuna programu za simu ambazo ukipiga picha zinakupa jina. Haziwezi kutusaidia sisi wageni?

Mwanzilishi wa uzi, Kyegegwa

Zinaweza kukusaidia kujifunza majina na kujua pa kuanzia kusoma, lakini usiile picha. Simu haichimbui, haisogezi pete, hainusi, wala haisubiri spora hadi asubuhi. Afadhali utumie simu hiyohiyo kumpigia mtu kama Mama wa Masaka. Mgeni ni kuku mweupe, anaonekana toka mbali, na sijawahi kuona mwenyeji hapa akikataa kumwonyesha mgeni aliyeuliza kwa adabu. Hapa kwetu tumekubaliana na mzee mmoja wa Kitooro kwamba mvua ikitulia atazunguka nasi vichuguu vilivyo karibu, na kila familia mpya itatoa mtu mmoja. Tutajifunza aina mbili tu mwaka huu. Kwa wale majirani zangu, mama mwenyewe ndiye wa kwanza aliyejiandikisha.

Msomaji wa Mubende

Habari za asubuhi. Nimeinua bakuli sasa hivi, mama mkwe akiwa kando yangu. Karatasi ina mistari kama miale ya jua, na mistari hiyo ni ya kijani, kijani cha majani makavu ya chai. Mama mkwe ameitazama muda mrefu bila kusema neno, kisha amechukua kikapu chote akaenda nacho nyuma ya nyumba. Watoto walikula maharage jana.

Mwanzilishi wa uzi, Kyegegwa

Namshukuru Mungu. Mwambie mama mkwe auchimbie shimo refu kiasi ambacho watoto, mbuzi na kuku hawataufukua, mnawe mikono, na bakuli lioshwe kwa sabuni. Karatasi usiitupe. Ikunje, andika tarehe na mahali ulipouchuma, umpelekee mwalimu mkuu wa shule hiyo, kwa sababu uyoga huo utaota tena palepale mvua ijayo, na watoto wa shule nzima hupita hapo.